Kikohozi cha Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Chiriku alifagia darasa huku akihutubia madawati. Alipewa jina hilo la utani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ndiyo maana alichaguliwa kuwa msemaji wa kwanza katika mdahalo wa Kiingereza wa Ijumaa.

Tatizo lilikuwa neno moja: self-government, yaani kujitawala. Hoja yake yote ililitegemea. Kila alipolisoma lilitoka "selifu-gavamenti," na wenzake wakaangua kicheko, hasa Mrefu wa dawati la nyuma. Basi akabuni ujanja: akilifikia, anakohoa na kuliruka.

Siku ya mazoezi, mwalimu wa Kiingereza alivua miwani. "Mwanangu, kikohozi chako kinajua kusoma? Mbona kinakuja palepale tu?"

Machozi yakamlengalenga Chiriku kwa aibu.

"Mwalimu, nafasi apewe Mrefu," mwanafunzi mmoja akasema. "Mdahalo ni keshokutwa."

"Hapana!" Chiriku akajibu. "Neno siliwezi, Mwalimu, lakini nafasi yangu siachi. Nifundishe."

Mwalimu akaliandika ubaoni vipande vipande: self, gov, ern, ment. "Silabi nne. Kwetu silabi nyingi huishia na vokali, ndiyo maana ulimi wako unaongeza 'u' na 'i'. Kwenye f, meno ya juu yaguse mdomo wa chini, toa pumzi, basi. Gov itamke 'gav', uikaze. Na hicho kistari cha baada ya self kinaunganisha tu, usipige kambi hapo."

Chiriku alilisema akiosha vyombo, akalisema akimshikia kitambaa mama yake, fundi cherehani. Ile 'u' iling'ang'ania kama kupe.

"Utamaliza mate, mwanangu," mama alicheka.

"Yaishe tu, mama. Siachi."

Ijumaa, mbele ya shule nzima, neno likamponyoka: "selifu..." Vicheko vikaanza. Chiriku akavuta pumzi. "Samahani, narudia." Safari hii likatoka zima, akaendelea na hoja yake hadi mwisho. Alishangiliwa mpaka madirisha yakatetemeka.

Darasani mwalimu akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenzenu alikiri hajui, akajifunza, akakosea, akarudia. Kuuliza si ujinga. Nani mwingine amekwama mahali?"

Kisha mkono mmoja ukainuka polepole kutoka nyuma. Alikuwa Mrefu.

"Mwalimu," alisema, "hata mimi neno lile siliwezi."