Koja la Kuondokea

Jumamosi asubuhi soko la kisiwa, Punanga Nui, hujaa mpaka jogoo wanakosa pa kupita. Tepaeru alikuwa ameweka chini ndoo mbili za makoja ya maua meupe ya tiare, bado yanachuruzika maji, apumzishe mikono kidogo kabla ya kufika garini. Mwanamume mmoja akatoka kwenye kibanda cha maandazi akirudi kinyumenyume, kikombe mkononi, akajikwaa, akaikalia ndoo moja. Akaikalia kabisa, kama kiti.

"Umekalia harusi ya watu," Tepaeru alimwambia.

"Nini?"

"Hayo maua ni ya wageni wa harusi. Wanashuka kwenye ndege sasa hivi."

Mwanamume akainuka mbio. Alivaa suruali nyeusi nzito ya kitambaa na viatu vya ngozi, na shati lilikuwa limefungwa vifungo hadi kooni. Jasho lilimtiririka kama aliyetoka kuoga. "Samahani sana, dada. Samahani kweli kweli. Niambie nifanye nini."

"Geuka."

Akageuka. Tepaeru akambandua ua moja lililoganda nyuma ya suruali, akalitazama kama linafaa, akalirudisha ndooni.

Mama Tutai, muuza makoja, akapiga makofi kwa kicheko. "Hilo mvishe bibi harusi mwenyewe! Limeshapashwa moto!"

Soko zima likacheka. Mwanamume naye akacheka, masikio yamemwiva. Tepaeru peke yake hakucheka. Si kwamba alikasirika. Alisikia kuwa ni kichekesho, basi.

"Ni harusi ya nani?" mwanamume akauliza.

"Ya Brendon na Fiona, kutoka Auckland."

"Mungu wangu. Mimi ni rafiki wa Brendon. Naitwa Teokotai. Teo."

"Basi Teo, beba hiyo ndoo uliyoikalia."

Hivyo ndivyo walivyojuana.

Kazi ya Tepaeru ilikuwa kuwaozesha wageni wanaotoka mbali kuja kufungia ndoa ufukweni. Maua, viti, mchungaji, chakula, yote yake. Harusi yake mwenyewe ilishindikana. Mchumba wake, Rangi, alikwenda Auckland kununua suti ya harusi, na yeye Tepaeru ndiye aliyemvisha koja la simbi, makombe madogo ya pwani, uwanja wa ndege, kama anavyovishwa kila anayeondoka. Suti ilinunuliwa. Rangi hakurudi. Tangu hapo Tepaeru akawa kama mguu uliolaliwa: upo mahali pake, lakini huusikii. Alikula, alilala, alifunga riboni kwenye viti vya wenzake. Watu walimwona mchapakazi.

Jumatatu jioni aliwakusanya wageni kwenye nyasi, mbele ya nyumba walizopanga, awape maelekezo kama kawaida yake. Gauni lake lilikuwa pana, la rangi ya zambarau, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Viatu vya visigino acheni chumbani, mchanga utavimeza na bibi harusi atawasubiri mvichimbue. Manukato kidogo tu, mbu wetu wanayapenda kuliko waume zenu wanavyoyapenda. Mbwa akikufuata usimpe hata mfupa. Ukimlisha leo, Alhamisi atakuja harusini na atakaa mstari wa mbele. Nguo za kuogelea mwisho wake ufukweni, dukani jifungeni kitenge. Na msiogelee pale mwamba wa baharini ulipoachana. Maji yanaonekana yamelala, lakini yanambeba mtu."

"Tukipotea?" bibi mmoja akauliza.

"Barabara ni moja, mama, inazunguka kisiwa. Usigeuze. Endelea tu, utajikuta ulipotoka." Akamalizia, "Mlivyofika tuliwavisha maua. Siku ya kuondoka tutawavisha simbi. Maua ni ya anayekuja, simbi ni za anayekwenda. Usimvishe mtu simbi kama hutaki aende."

Teo hakuyasikia hayo. Wanaume wa kijiji walipojua kwamba mama yake alizaliwa Matavera, hapo hapo kisiwani, walimtoa kwenye kundi la wageni. "Wewe wa kwetu unakaa na wageni kufanya nini? Njoo ubebe mawe!" Wakampeleka nyuma kuchimba shimo la kuchomea nguruwe.

Alirudi majivu hadi kwenye nyusi. "Na mimi hunipi maelekezo?"

"Wewe ni mwenyeji. Mama yako alikufundisha."

Teo akapangusa majivu. Mama yake alitoka kisiwani akiwa mtoto, na alichomfundisha ni kula majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, na kusali. Lakini kuitwa mwenyeji kulimnogea. "Ndiyo," akasema. "Alinifundisha."

Siku zile simu haikutulia.

"Halo, ni mimi wa ndoo."

"Una shida gani, wa ndoo?"

"Jogoo wa hapa anawika saa nane usiku. Kuna mtu wa kumlalamikia?"

"Hakuna. Mchungaji naye ameshindwa."

"Basi tukale samaki, nimsahau."

Walikwenda Avarua mjini, wakakaa mezani karibu na bandari, wakaletewa samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu na tui. Teo alikuwa fundi wa vigae. Alieleza vigae vya bafuni kwa mikono miwili, mpaka akakipiga kikombe cha jirani.

"Tamu?" alimuuliza.

"Ni samaki."

"Nimekuuliza kama ni tamu, mpenzi, sijauliza jina lake."

Tepaeru akashika mdomo. Ulikuwa umevutika pembeni, na yeye hakujua umefanya hivyo saa ngapi, kama mtu aliyechomwa sindano ya kung'olea jino.

"Umenipa jina gani hapo?" akauliza.

"Limenitoka. Nilirudishe?"

Tepaeru akatafuna polepole. "Liache hapo hapo."

Alhamisi harusi ikafungwa vizuri. Visigino vilibaki vyumbani. Mbwa mmoja alikuja akakaa mstari wa mbele, na hakuna aliyekiri. Ngoma zilipoanza, Teo akamwita Tepaeru pembeni, penye viti vilivyokunjwa. Safari hii alivaa shati la maua, miguu mitupu.

"Fumba macho."

Akafumba. Kitu cha baridi kikateremka shingoni, kizito, kikalialia kama punje za mchele sahanini. Akafumbua. Simbi. Ndogondogo za manjano zinazotoka kisiwa cha Mangaia, msokoto juu ya msokoto. Hakuna koja lililo ghali kuliko hilo sokoni.

"Tepaeru," Teo alianza, "nilikuwa nataka kukwambia—"

"Nimeelewa."

"Umeelewa?"

"Ndiyo. Asante. Safari njema na wewe."

Akaenda kukusanya sahani. Teo alibaki amesimama, mdomo wazi, asijue safari gani. Mpaka mwisho wa sherehe Tepaeru hakumtazama tena. Nyumbani alilivua koja, akalitia kwenye droo ya vijiko. Hakulia. Alijaribu kidogo, kama mtu anayejibonyeza kidonda aone kama kimepona, akaacha.

Ijumaa simu iliita ikachoka. Aliitazama ikiita huku akihesabu vitambaa vya meza.

Jumamosi alikuwa tena Punanga Nui, kuchukua makoja mawili: moja la maua la mgeni mwingine, moja la simbi la Fiona anayeondoka.

"Yule kijana wako alilipenda lile koja?" Mama Tutai aliuliza huku mikono ikisuka.

"Koja gani?"

"La Mangaia. Alinisumbua hapa Jumatano asubuhi nzima. 'Mama, lipi halinyauki? Maua yananyauka, mimi nataka la kudumu.' Nikamwonyesha simbi. Nilijua anamchukulia mama yake Auckland."

Tepaeru akaweka ndoo chini. "Hukumwambia simbi ni za nini?"

"Nimwambie mtoto wa Matavera? Kwani hajui?" Mama Tutai akaacha kusuka. "Mwanangu. Alikuvisha wewe?"

"Harusini."

"Jamani! Na wageni wote wanaelezwa!"

"Wageni ndiyo nawaeleza," Tepaeru alisema. "Yeye sikumweleza."

Akatoa simu. Iliita mara moja tu.

"Tepaeru?"

"Wewe mama yako alikufundisha nini?"

"Kula majani ya magimbi."

"Na makoja?"

"Makoja ninayakalia tu."

"Anayevishwa simbi ni anayeondoka, Teo. Uliniaga harusini."

Upande wa pili alisikia kipaza sauti cha uwanja wa ndege kikiwaita abiria. "Mimi nilitaka kitu kisichonyauka," Teo akasema taratibu. "Nilikuwa nataka kukuomba uolewe na mimi na vigae vyangu. Nikaona aibu kuuliza desturi. Uliniita mwenyeji, nikaogopa kuupoteza wenyeji wangu."

"Usiingie ndani."

"Wanatuita."

"Nimesema usiingie."

Uwanja wa ndege uko karibu na soko. Alimkuta mlangoni na ile suruali nyeusi nzito, jasho lile lile. Wageni wote walikuwa na simbi shingoni, yeye peke yake shingo tupu. Tepaeru akaingiza mkono kwenye ndoo, akatoa koja la maua, maji yanachuruzika, akamvisha. Akaligusa lisikae upande.

"Dada," mlinzi akamwambia kwa upole, "umekosea. Huyu anaondoka."

"Najua."

Teo aliyashika maua. "Auckland watayachukua haya. Hawaruhusu maua kuingia."

"Wayachukue. Umeshavishwa."

"Kuna bafu la watu nimeliacha nusu, mpenzi. Nikimaliza vigae narudi."

Rangi naye alisema atarudi. Tepaeru hakulitaja. "Ukirudi nitakueleza yote kuanzia mbwa," akasema. "Na nitakujibu lile ombi lako."

"Hunijibu sasa?"

"Mwenye kuomba avue kwanza hiyo suruali ya nchi za baridi."

Teo akacheka kwa nguvu mpaka mlinzi akamsukuma ndani. Hakugeuka nyuma, maana alikuwa anafuta macho.

Tepaeru akamvisha Fiona simbi zake, akarudi garini. Kwenda kwake ilikuwa kushoto, karibu tu. Alikata kulia, njia ndefu inayozunguka kisiwa kizima, ndoo ikigongagonga nyuma. Alipofika Matavera, vidole vikaanza kumchomachoma kwenye usukani, halafu kifua, kama inavyochoma ganzi inapoachia. Iliuma sana. Hakusimama. Aliendelea kuendesha, akiiacha iume.