Bomba la Mwisho la Mirihi

Kiyeyushi kilinguruma chini ya ardhi nyekundu ya Mirihi. Kilikuwa na ukubwa wa mtaa mzima, na meno yake ya moto yalitafuna barafu ya kale na kuyasukuma maji kuelekea mabomba ya kuba tano. Kila kuba ilikuwa mji uliofunikwa kwa kioo, na kila mji ulikuwa umewahi kuwaficha wenzake maji. Kwa hiyo, walipokubali kuungana, waliwekeana sharti: Jamhuri ya Shirikisho haitatangazwa mpaka koki ifunguliwe katika nyumba ya mwisho.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Somoe, katika kuba ya Tulivu, naye alikataa kuifungua koki yake.

Mhandisi Sijaona, aliyekibuni Kiyeyushi, alitumwa kumbembeleza. Kikongwe alimpangusia kiti kwanza.

"Karibu, mama mitambo. Waziri ameshindwa, wamekuleta wewe? Yule nilimpa chai, akasahau alilojia."

Sijaona akacheka. "Bibi, kuba zote tano zinakungoja wewe tu."

"Zingoje. Kila asubuhi Mashavu wa hapo jirani huniletea kata ya maji. Nami humpelekea Hamduni kata yangu. Hamduni naye humpelekea wa pili yake, hivyo hivyo mpaka mtaa unazunguka."

"Lakini hakuna anayepata hata tone la ziada!"

"Hakuna. Ila nilipoanguka jikoni, Mashavu ndiye aliyenikuta, kata mkononi. Hilo bomba lako litaniinua?"

Sijaona hakutaka kumdanganya.

"Haliwezi, Bibi. Lakini koki za kuba ya Mchangani ziko wazi na kavu, na watoto wao wanakunywa jasho lililochujwa. Bila shirikisho, maji yetu hayavuki mpaka."

"Wanaugua?"

"Figo, Bibi. Wengine bado wananyonya."

Bibi Somoe aliinuka.

"Ungeanza na hilo, mwanangu. Waziri alinieleza bendera tu."

Akajikongoja hadi ukutani, akafungua koki kwa mkono wake mwenyewe. Maji yakatoka kwa kishindo. Nje, vipaza sauti vikatangaza kuzaliwa kwa jamhuri. Mashavu aliingia mbio, akamkumbatia Bibi huku akilia, akaapa kwamba atakuja kila siku, na maji au bila maji.

Alikuja, kwa muda. Kisha akawa anakuja siku za mapumziko. Kisha sikukuu. Hakuwa mtu mbaya. Asubuhi zilijaa mambo mengine.

Watoto wa Mchangani walipona. Sijaona alipewa nyumba nzuri katika mji mkuu, na Kiyeyushi kikachorwa kwenye stempu. Asubuhi moja alimsikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta, kikohozi kirefu cha mtu aliye peke yake. Mwaka wa tatu sasa waliishi ukuta kwa ukuta, na hakumjua hata jina.

Alivaa kanga, akatoka, akasimama mbele ya mlango ule. Alitafuta sababu ya kubisha hodi. Hakuipata. Akabisha hivyo hivyo.