Kizima au Kimezima?

Kila alasiri alipotoka shule, Chiriku alianza kuisikia cherehani ya Babu tangu kwenye kona ya mtaa. Trrr, kimya kidogo, trrr tena. Kwa kusikiliza tu aliweza kujua kazi iliyo mezani: ikilia kifupi ni kola, ikilia kirefu ni pindo la sketi. Akiingia hubwaga mkoba, huosha mikono, kisha huketi kwenye kigoda kando ya Babu na kumtungia uzi kwenye sindano, maana macho ya Babu yalikuwa yamechoka na tundu la sindano halimwonei mtu huruma. Mdomo nao haupumziki. Ndiyo sababu Babu alimbandika jina la Chiriku, na jina likamganda hadi shuleni.

"Siku utakayonyamaza, mjukuu wangu, nitajua unaumwa," Babu alipenda kumtania.

"Na siku utakayoacha kunitania, Babu, nitakupeleka hospitali mwenyewe."

Waliishi wawili tu katika nyumba ile, kwa kuwa wazazi wa Chiriku walifanya kazi mji wa mbali na kuja wakati wa likizo. Shangazi yake, binti ya Babu, alikuwa muuguzi na alikaa upande wa pili wa mji. Ni yeye aliyeleta kile kidude cheupe, kidogo kama kopo la mafuta ya kujipaka, akakitundika kwenye ukuta wa chumba cha kushonea.

"Hii nayo ni nini? Saa isiyo na mishale?" Babu aliuliza.

"Ni king'ora cha gesi ya sumu, Baba. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa, unatoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, macho hayaioni wala pua haiijui. Kichwa kinaanza kuuma, mtu anasinzia, na wengine hawaamki tena. Tumewapokea wodini watu wa namna hiyo, na sitaki kumpokea baba yangu."

Babu alikuwa na pasi ya mkaa, nzito, yenye kifuniko cha jogoo wa chuma, na hakukuwa na maneno ya kumfanya aiache. "Lakini mimi napigia pasi nje kibarazani," alijitetea.

"Endelea huko huko kibarazani. Kidude hiki si ruhusa ya kuingiza jiko ndani. Hiki ni cha siku utakayosahau."

Kisha Shangazi akamgeukia Chiriku. Akamwonyesha kitaa cha kijani kinachopepesa, na kitufe cha kubonyeza kila Jumamosi ili king'ora kipige kelele na kuthibitisha kwamba kinafanya kazi. Akamwambia akipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu. "Na ukikisikia kinatoa 'pii' moja, kinanyamaza, halafu 'pii' tena, ujue betri zimechoka. Kinalia njaa, kilishe. Kazi hii nakukabidhi wewe. Sawa, mama?"

"Sawa, Shangazi!" Chiriku alijibu, kifua mbele.

Basi ikawa desturi. Jumamosi Shangazi hupiga simu, huwasalimu, kisha huuliza, "King'ora kizima?" Na Chiriku, ambaye ametoka kubonyeza kitufe na kuziba masikio, hujibu kwa sauti ya askari, "Kizima!"

Mambo yakaenda vizuri hadi siku moja king'ora kilipoanza kulia njaa. Pii! Babu alikuwa anapima kitambaa cha sare za shule. Pii! Akapoteza hesabu, akaanza upya. Pii! Chaki ikamtoka mkononi.

"Lo! Huyu mgeni wako atanitia wazimu," Babu akalalamika. "Hebu mbembeleze, mama."

Chiriku akapanda kwenye kigoda, akafungua mgongo wa king'ora, akazitoa betri. Kitaa cha kijani kikafa. Nyumba ikatulia, Babu akashukuru, akaendelea kupima. "Nitanunua nyingine jioni," Chiriku alijiambia, na alikusudia kweli. Lakini jioni ile karibu na duka aliwakuta wenzake wanaruka kamba, na mnajua kamba inavyoita. Kesho yake akasahau. Keshokutwa akakumbuka akiwa kitandani, akajigeuza upande wa pili.

Jumamosi simu ikalia. "King'ora kizima?" Shangazi akauliza.

Moyo wa Chiriku ukapiga pa! Aseme nini? Kwamba kazi yenyewe moja tu aliyopewa imemshinda? "Kizima," akajibu, na sauti ya askari haikuwepo. Akajiambia kwamba atanunua betri Jumatatu na uongo utageuka kuwa kweli. Jumatatu ikaja ikapita. Uongo haugeuki kuwa kweli kwa kungojewa. Unazoeleka tu, na Jumamosi iliyofuata Chiriku alilisema tena neno lile bila hata moyo kushtuka.

Ndipo zikaja mvua. Mvua ya upepo, ile inayokufuata hadi chini ya paa. Babu alikuwa na rundo la sare zilizosubiriwa, zimeshonwa zote, zimebaki kupigwa pasi. Akajaribu kupigia kibarazani, manyunyu yakamlowesha yeye na mashati. Akasimama akiitazama mvua, akaitazama pasi.

"Makaa yenyewe yameshakolea," akasema. "Hayana moshi hata kidogo. Makaa yasiyo na moshi yana ubaya gani?"

Akaliingiza jiko chumbani pamoja na pasi, akafunga mlango, akafunga na dirisha ili mvua isichafue nguo. Chiriku aliyekuwa akifanya kazi ya shule alihisi joto zuri likimzunguka. Akatazama king'ora, akatazama jiko. Akataka kusema, lakini kusema jiko litoke kungeleta swali, na swali lingeleta jibu ambalo hakulitaka. Chiriku wa watu, kwa mara ya kwanza, akafunga mdomo.

Babu akapiga pasi shati la kwanza, la pili, akawa anaimba kwa sauti ya chini. Baadaye wimbo ukakatika. Akapiga miayo. Chiriku naye aliona herufi za daftari zikicheza, na kichwa kikaanza kumgonga.

"Babu, kichwa kinaniuma."

"Hata mimi. Njaa hiyo. Tumalize hizi, tule."

Akachukua shati lingine, akalitandaza, akapitisha pasi juu ya meza pembeni yake. Hakuigusa nguo kabisa, wala hakugundua. Chiriku akamtazama kwa makini. Babu, fundi ambaye mkono wake haukosei hata nusu inchi, alikuwa anapiga pasi meza.

"Babu, tufungue dirisha! Labda ni ile gesi!"

Babu akacheka polepole, ulimi mzito. Akanyoosha kidole ukutani. "Gesi? Ingekuwapo, mgeni wako si angepiga kelele? Yuko kimya. Si kizima? Si umekikagua wewe mwenyewe? Basi tuko salama." Akajiegemeza kwenye kiti, akafumba macho. "Ngoja nipumzishe macho kidogo."

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa. Babu alikuwa hajali hatari kwa sababu alimwamini yeye. Neno lake moja la uongo ndilo lililokuwa limefunga dirisha lile.

"Babu, hakiwezi kulia!" akapiga yowe, machozi yakimtoka. "Nilidanganya! Hakina betri! Nilizitoa, nikamdanganya Shangazi, nikakudanganya na wewe! Amka, Babu, tutoke!"

Macho ya Babu yakafunguka. Jambo fulani katika sauti ile lilimfikia hata ndani ya ukungu wa kichwa chake. Akajaribu kusimama, akaanguka tena kitini. Chiriku naye alikuwa anayumba, lakini aliufikia mlango, akauvuta ukafunguka, upepo na mvua vikaingia. Akasukuma dirisha. Kisha akatoka nje akiita, "Fundi baiskeli! Njoo umsaidie Babu!"

Jirani yao, fundi baiskeli, alitupa spana akaja mbio. Akambeba Babu mabegani kama gunia, akamketisha chini ya paa la kibanda chake, penye hewa tele. Babu alitapika, akatetemeka, akashika mkono wa mjukuu wake bila kuuachia. Hawakungoja apate nafuu. Fundi akaita gari, wote wawili wakapelekwa hospitali, wakavishwa barakoa za kupumulia oksijeni.

Shangazi alifika akiwa bado na sare yake ya kazi. Akambusu baba yake kwenye paji la uso, akamkumbatia Chiriku kwa nguvu hadi akakosa pumzi. Kisha akaketi, akauliza taratibu, "Mwanangu, uliponiambia 'kizima', kilikuwa kizima au kimezima?"

"Kilikuwa kimezima, Shangazi," Chiriku akajibu, kichwa chini. "Nisamehe."

Babu akaanza kucheka chini ya barakoa, kikohozi kikamkamata. Shangazi akamkazia macho. "Na wewe, Baba, usicheke! Nani aliyeingiza jiko ndani? King'ora kikiwa kizima, jiko halina ruhusa. Kikiwa kimezima, ndiyo kabisa."

"Kosa langu, mama," Babu akasema, mpole kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Makaa yasiyo na moshi yamenidanganya pia."

Siku waliporudi nyumbani, Shangazi alikuja na betri mpya. Chiriku akaziweka mwenyewe, akabonyeza kitufe, king'ora kikapiga kelele hadi fundi baiskeli akachungulia. Shangazi akamwonyesha tarehe iliyoandikwa mgongoni, akamweleza kwamba hata king'ora huzeeka, na tarehe hiyo ikipita betri mpya hazikisaidii, hununuliwa kingine. Fundi baiskeli akagongelea bati pana kibarazani ili siku za mvua Babu apige pasi nje bila kulowa.

Wageni walipokuja kumpa Babu pole, walimsifu Chiriku kwa kufungua mlango na kuita msaada. Kila aliposifiwa aliona aibu, akataka kujificha nyuma ya cherehani. Wa mwisho alipoondoka, Babu akamwita karibu.

"Wanakusifu kwa mlango," akasema. "Waache wakusifu, ni kweli uliufungua. Lakini nikuambie jambo ambalo wao hawalijui. Mlango ule usingenitoa mimi. Ningekaa pale pale nikisema niko salama, kwa sababu nilikuamini. Kilichonitoa ni pale uliposema, 'Nilidanganya.' Neno hilo huwa zito kinywani, mjukuu wangu, zito kuliko pasi yangu. Watu wazima wengi hushindwa nalo, nyumba zikawaangukia. Wewe ulilinyanyua, ingawa ulichelewa. Safari nyingine, usichelewe."

Chiriku akaegemeza kichwa begani mwa Babu. Kwa muda mrefu hakusema neno, na Babu, mara hii, hakumuuliza kama anaumwa.