Rojo Lililogoma Kuumuka

Kila Ijumaa jioni, Umayal na bibi yake walisaga mchele na dengu vilivyolowekwa, vya kupikia vitumbua vya paniyaramu. Kila kimoja kilisagwa peke yake. Kisha bibi aliingiza mkono hadi kiwikoni ndani ya sufuria, akavichanganya na chumvi. Kulipokucha, rojo lilikuwa limepanda hadi ukingoni, limejaa mapovu. Hakukuwa na hamira wala moto! Umayal alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado ajabu hiyo ilimwacha mdomo wazi.

Ijumaa moja bibi aliteguka mkono, ukafungwa bandeji.

"Leo zamu yako," alisema. "Changanya kwa mkono, joto lake ndilo linaloliumua rojo, mpaka usijue mchele uko wapi na dengu ziko wapi."

"Sawa, bibi."

Lakini viganjani Umayal alikuwa na hina mbichi, aliyopakwa kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Aliionea uchungu. Alichukua upawa, akakoroga mara tatu, akafunika.

Asubuhi rojo lilikuwa limelala vilevile, mchele umetuama chini. Bibi alifunua, akashika kiuno.

"Pechi huyu! Kaniuzia dengu kuukuu! Miaka yote namwamini, leo ananifanyia hivi? Naenda sokoni kumpa vidonge vyake, na watu wote wasikie!"

Pechi alikuwa mjane mpole, na dengu zake ndizo zilizomlisha. Akinyamaza, nani atajua? Bibi alikwishavaa ndala, akashika komeo la mlango.

"Bibi, ngoja! Pechi hana kosa. Ni mimi. Nilikoroga kwa upawa, niliogopa hina itaharibika."

Bibi aligeuka taratibu. Alivishika viganja vile vyekundu, akavigeuza kwenye mwanga.

"Hina imekolea kweli," alisema. "Haya, maridadi wangu, izamishe humu."

Umayal alizamisha mikono yote miwili. Rojo lilikuwa baridi na zito, kisha likalainika kidogo kidogo vidoleni. Waliliweka uani, penye jua kali.

Saa kumi alasiri Umayal alitoka kuchungulia, akasimama kama aliyepigwa na butwaa. Kifuniko kilikuwa kimeinuliwa na rojo lenyewe!

"Bibi! Njoo uone! Linapumua!"

"Usilipigie kelele, litaona haya," bibi akacheka.

Walimimina rojo kwenye vishimo vya chuma cha moto. Vitumbua vilivimba, vikawa vya rangi ya dhahabu. Umayal alivitazama kwa furaha, asiamini kuwa ni kazi ya mikono yake.

Bibi alijaza sahani ya kwanza, akaweka na chatini ya nazi.

"Hii mpelekee Pechi," alisema. "Rojo likiharibika, tunasaga jingine. Lakini jina la mtu nikilichafua mbele ya soko zima, nitalisafisha kwa kitu gani? Kosa lako lilikuwa dogo, mjukuu wangu. Kunyamaza ndiko kungelifanya kubwa."