Mwenye Kwao Hapigi Hodi

Jua lilikuwa linashuka Faisal alipowasha pikipiki kutoka Kilindoni kwenda Miburani kufuata kadi. Si kadi ya harusi wala ya benki. Ni kadi ya picha, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili gemu zionekane kwenye kioo. Wazee wa Miburani ukiwaambia kijana mzima kaacha minazi yake Kirongwe, kaja mbio saa ya magharibi kwa ajili ya kitu cha namna hiyo, watakutazama tu wasiseme neno. Wala siwalaumu. Lakini ngojeni kwanza mjue alikuwa anatafuta nini.

Hakuwa anatafuta mchezo. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye.

Nyumba yao ni ile kubwa ya mawe, yenye baraza pande mbili, aliyoijenga babu yake zama za biashara ya nazi. Ilikuwa nyumba ya ukoo mzima, hata pa kutandika mkeka unapagombania. Sasa anakaa mmoja. Baba alitangulia zamani, dada yake Afrah kaolewa Dar, kaka yake Waleed yuko Maskati anafanya kazi ghalani, na mama naye kafariki mwaka juzi katikati ya mfungo. Faisal akabaki na minazi, mikorosho na funguo. Jioni akirudi shamba hutoa salamu mlangoni kama mama alivyomfundisha, kwamba nyumba hata ikiwa tupu haiingiwi kimya. "Asalaam alaykum," husema. Kisha husimama kidogo pale kizingitini, kama anasubiri. Halafu huingia, akala wali wa mchana uliopoa sufuriani, akalala. Upweke jamani hauna dawa ya hospitali.

Waleed ndiye aliyetoa wazo. Utotoni walikuwa wakicheza mpira wa kwenye televisheni mpaka mama aje kuchomoa waya kwa hasira. Sasa alimpigia simu kutoka Maskati, akamwambia anunue kompyuta ya gemu, wavae hedifoni, kila magharibi wacheze pamoja huku wakisikilizana kama wamekaa mkeka mmoja. Faisal alisikia "kila magharibi", na usiku ule hakupata usingizi kwa furaha.

Hela yenyewe ilikuwa ya korosho, na korosho mwaka ule hazikuwa na maana. Ikabidi achague kwa kujinyima. Jabir, fundi wa kompyuta pale Kilindoni, alimsaidia. Keisi, lile boksi la nje, walichukua kuukuu, imekwaruzwa ubavu mzima, maana keisi haichezi gemu. Memori ya mtumba, sawa. Pawasaplai, ile inayogawa umeme, ya bei ya kutupa Jabir alikataa katakata, akasema ile ikilipuka inaondoka na wenzake wote. Ugomvi ukawa kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta. Zilikuwapo mbili, nguvu sawasawa. Moja inatoa picha yenyewe bila msaada, nyingine haitoi, na ile isiyotoa ndiyo nafuu. Jabir alimwonya kwamba hiyo ya nafuu bila kadi ni kipofu. Utaiwasha, feni zitazunguka, na kioo kitabaki cheusi tii. Faisal alisema kadi ataipata tu mbele ya safari.

Basi unafuu ukamtokea puani. Alipoulizia kadi Kariakoo, bei aliyotajiwa ilikuwa ya kuuza shamba. Akawa na kompyuta nzima isiyoona.

Jabir akawa anazungusha skrubu ambayo ilikwisha kukazwa. Mwishowe akasema kwamba kadi ipo Miburani, kwa Bi Mwanamkuu. Ilikuwa ya mwanawe Hemedi, kijana aliyepotea kwenye dago, kambi ya wavuvi, kule kisiwani Shungimbili. Vyombo vyake vingine vyote vimeliwa na chumvi, ila kadi na hedifoni ni vizima, amevipima kwa mkono wake. Faisal akauliza, kama ni nzima mbona yeye fundi hakuinunua akaiuza.

"Nenda mwenyewe," alisema Jabir. "Mimi pale mlangoni siendi tena."

Akaenda. Akasimama mlangoni kwa Bi Mwanamkuu, akapiga hodi tatu kama mtu aliyefunzwa, akakaribishwa. Akamwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba. Ndani palinuka ubani. Na chini ya ubani palinuka mwani mbichi, ule uliotoka majini sasa hivi, ingawa nyumba ile haikuanika mwani wala haikuwa karibu na pwani.

Bi Mwanamkuu hakutaka kupatana bei. Alipokea alichopewa, akakisukuma chini ya mkeka bila kukitazama, akatoa kadi imefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na hedifoni. Kisha akamshika mkono Faisal, hakumwachia.

"Utasikia hodi," alinong'ona. "Moja. Magharibi. Usiitikie."

Faisal alidhani ni uchungu wa mwana. Akamuuliza kwa upole kama labda ni Hemedi anayerudi nyumbani.

"Hemedi ni mtoto wa nyumba hii. Mwenye kwao hapigi hodi." Akamwachia mkono. "Huyo anayeomba njia si mwanangu. Na mimi sijampa."

Kesho yake Faisal alikaa sakafuni sebuleni, simu sikioni, Jabir anamwelekeza upande wa pili. Hapa chomeka. Hapa kaza, usikaze sana. Kadi ikaingia mahali pake ikalia tak. Akawasha. Feni zikazunguka, kioo kikawaka buluu, na sebule ile iliyokuwa imenuna tangu msiba ikapata mwanga. Faisal alicheka peke yake mpaka akajishtukia. Akamtumia kaka yake picha. Waleed akajibu kwamba leo leo, baada ya magharibi, ajiandae kufungwa mabao.

Alisali, akafunga madirisha, akavaa hedifoni. Akangoja. Nje vyura walikuwa wanalia bondeni, lakini ndani ya hedifoni palikuwa kimya. Kimya kizito.

Akangoja...

"Hodi."

Moja.

Sauti ya kiume, ya chini, ya adabu. Faisal alitabasamu, maana Waleed ni mtu wa mizaha. Kisha akakumbuka. Msimwone mjinga, alikumbuka vizuri sana, na mkono wake ukaenda mdomoni. Akasubiri hodi ya pili. Haikuja. Yatima wa watu akakaa hivyo hivyo, hapumui.

Halafu akasikia nyayo. Chap... chap... juu ya mchanga wa maji. Zinakwenda mbali. Mtu amebisha, hakuitikiwa, anaondoka zake taratibu, hana kinyongo.

Hapo ndipo alipovunjika. Hodi angeistahimili. Kuondoka hakukuweza. Kila aliyemjua alikuwa ameondoka kwenye nyumba ile kwa nyayo kama zile.

"Karibu," alisema.

Nyayo zikasimama. Zikageuka.

Wakacheza, Faisal akijiambia kwamba ni Waleed tu. Na walicheza vizuri, nitasema nini. Mwenzake alikuwa hodari, hana papara, Faisal akizingirwa anatokea ubavuni kumkinga, Faisal akianguka anakuja kumwinua. Hasemi. Anapumua tu, na nyuma ya pumzi kuna sauti ya maji yanayojaa na kutoka. Faisal ndiye aliyesema yote. Alimweleza habari za korosho, za paa linalovuja, za wali anaoupika mwingi kila siku kwa mazoea kisha unachacha. Mwenzake alisikiliza. Faisal hakukumbuka lini mara ya mwisho alisikilizwa hivyo.

Hata harufu ya mwani ilipoingia sebuleni, hakuijali.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Ulikuwa ni ujumbe kutoka kwa Waleed.

"Nisamehe mdogo wangu, nimezuiliwa kazini, sijagusa kompyuta. Kesho inshallah."

Faisal aliusoma. Akausoma tena. Akainua macho kwenye kioo. Yule mwenzake kwenye gemu alikuwa ameacha kucheza. Amesimama, kageuka, anamtazama Faisal.

"Nani wewe?" alinong'ona Faisal.

"Mgeni wako."

Faisal akachomoa waya ukutani. Kioo kikazima, feni zikasimama. Pumzi ikaendelea. Akavua hedifoni, akaitupa mbali.

Pumzi ikaendelea.

Alilala kwenye baraza ya msikiti, akiwaambia watu kwamba nyumba ina joto. Jua lilipotoka alirudi, akaisoma Ayatul Kursiyyu chumba kwa chumba, akafungua keisi na kuing'oa kadi. Akaifunga kwenye kanga yake ile ile, akatia na hedifoni mkobani. Akafunga mlango kwa kufuli nje, akavuta kuona kama limeshika. Lilishika. Akaenda Miburani.

Alipiga hodi tatu. Mlango ulikuwa umefungwa, na Bi Mwanamkuu alikuwa kwa ndani, Faisal alimsikia anavyohema.

"Mko wangapi?" aliuliza.

"Niko peke yangu, mama. Nimekurudishia kadi."

Kuku walikuwa wanaparura uani.

"Nimesikia hodi nne," alisema Bi Mwanamkuu.

Faisal hakugeuka nyuma. Shingo ilikataa kugeuka.

Mama yule alilia, kilio cha ndani kwa ndani, na huku analia akamweleza yale wavuvi waliyomweleza yeye. Kule dago Shungimbili walikuwa wanakula, jua linazama, mara Hemedi akainua uso akasema karibu. Wenzake wakashangaa, kwa sababu hawakusikia mtu yeyote kubisha, na kisiwa kile ni fungu la mchanga tu, huoni mgeni akatoka wapi. Hemedi akasema ni rafiki yake, wanazungumza kila siku. Akasogea mkekani kumpisha. Walipoamka kuswali alfajiri, nafasi aliyompisha mtu ilikuwa imelowa maji ya chumvi, na yake yeye ilikuwa kavu, tupu. Ni nani huyo, Bi Mwanamkuu hakujua. Masheikh waliokuja kusoma hawakujua pia. Alichojua ni kimoja tu, kwamba tangu siku ile dude hilo linazunguka linatafuta pa kukaa.

"Kadi itupe au ubaki nayo, ni mamoja. Halikukaribishwa na kadi," alisema. "Nisamehe mwanangu. Sifungui."

Faisal alipita kwa Jabir. Jabir alimwona anakuja, akamtazama, kisha akatazama kando yake kidogo, kimo cha bega. Akateremsha mlango wa duka bila kuaga.

Basi akazunguka kutwa na pikipiki, mwishowe akarudi Kirongwe. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hilo utalipa jembe la kulima wapi? Alipofika uani jua lilikuwa limezama, wekundu umebaki nyuma ya minazi. Akazima pikipiki.

Kufuli lilikuwa chini, sakafuni barazani. Halikuvunjwa. Limefunguliwa, limewekwa vizuri pembeni ya viatu. Na viatu vile havikuwa vyake. Vilikuwa vimelowa.

Kwenye upenyo wa dirisha la sebule palikuwa na mwanga wa buluu, unachezacheza, kama kioo cha kompyuta kikiwa katikati ya gemu. Faisal aliugusa mkoba. Kadi ilikuwamo. Aliipapasa ndani ya kanga, ncha zake, feni zake. Na kompyuta ile bila kadi ni kipofu.

Akausukuma mlango. Umetiwa komeo kwa ndani.

Alisimama. Akafikiri aende wapi. Kwa Afrah, ng'ambo ya bahari? Boti hakuna saa hizi, na akifika atabisha hodi nne. Kwa jirani? Msikitini tena? Alipitisha moyoni milango yote aliyowahi kuijua, mmoja mmoja, na hakuuona hata mmoja utakaofunguliwa. Giza likawa linaingia. Mbu wakaanza. Akataka kutoa salamu kama alivyofunzwa na mama, salamu ya mwenye nyumba anayerudi kwake, ulimi ukawa mzito, maneno hayakutoka.

Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Hodi," alisema Faisal mlangoni kwao.

Ndani, kiti kikasogezwa. Nyayo zikaja, chap, chap, hazina haraka. Komeo likavutwa. Na sauti iliyomjibu ilikuwa yake yeye mwenyewe Faisal, ila imetulia, sauti ya mtu aliyeshiba na aliye kwao.

"Karibu."

Na hili ndilo linaloniuma mimi hadi leo. Tangu mama afariki hakuna aliyemwambia neno lile mlangoni pale. Alipolisikia, kabla hajaogopa, alifurahi.