Futi Tisa za Mtaa wa Mtoni

Siku ya nne baada ya kuhamia, Nereah aliona doa kwenye ukuta wa nyuma. Lilikuwa doa la maji, la mviringo, upana wa kiganja cha mtu mzima, na lilikuwa juu sana, mahali ambapo mkono wake haukufika hata aliponyanyuka kwa vidole vya miguu. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Bati la paa lilikuwa jipya. Akachukua utepe wa kupimia wa mumewe, akaupandisha ukutani: futi saba na inchi mbili kutoka sakafuni. Kisha akafunga kitambaa kwenye mpini wa ufagio, akalisugua mpaka likakauka.

Kesho yake, adhuhuri ilipopita, doa lilikuwa limerudi. Akapima tena. Futi saba na inchi mbili.

"Ni lipu haijakauka," alisema Ouko, mumewe, jioni ile, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Momanyi alikuwa na haraka ya kumaliza."

"Lipu mbichi inanuka tope la mtoni?"

"Mama Apondi, mto uko hatua sitini kutoka hapa. Ulitaka nyumba inuke marashi?"

Ouko alikuwa karani wa ramani katika ofisi ya mji wa Kisii. Mwaka ule wa hamsini na mbili wakubwa walikuwa wameamua kwamba Mtaa wa Mtoni, maduka na nyumba kongwe za mabati zilizojipanga ukingoni mwa mto Nyakomisaro, ubomolewe wote, na mahali pake yajengwe maduka ya mawe, yaliyonyooka, yenye baraza pana na mifereji ya saruji. Ouko ndiye aliyetumwa kuupima mtaa, na Ouko alikuwa mtu wa kupima mara tatu. Katika kupima huko akagundua, kati ya duka la Kantilal na nyumba ya Bi Zenab, mjane wa askari wa Kinubi, ukanda wa futi tisa usiokuwa na kitu, uliotoka mlimani ukashuka moja kwa moja hadi majini. Ofisini walidhani ni njia ya maji ya mvua. Ouko akamwaga ndoo nzima ya maji pale, yakakimbilia pembeni. Haikuwa njia ya maji.

"Hapo usipaguse, mwanangu," Bi Zenab alimwambia siku hiyo, akikaanga mandazi yake mlangoni. "Hapo panapitwa."

"Na nani, mama?"

"Na mzee mmoja."

Ouko akaandika kwenye daftari lake: *Uchochoro. Hautumiki.* Baadaye, mezani kwake, akaunganisha mistari miwili kwa penseli. Mkubwa wake alifurahi sana kuona safu ya maduka isiyokatika hata ikawa, chumba kilipojengwa kwenye ukanda ule, akampa yeye akae na familia yake: futi tisa kwa thelathini, mlango mmoja wa mbele, ukuta mtupu nyuma. Bi Zenab na majirani zake walikwisha hamishiwa kilimani.

Nereah alimwita Momanyi, fundi aliyeujenga ule ukuta. Akaja na mwiko wake, akagonga hapa na pale, akalamba kidole.

"Mama, mawe haya niliyaanika mwezi mzima. Chokaa nilichanganya mwenyewe." Akacheka. "Labda bwana karani analia usiku, machozi yanapanda juu."

"Gusa lile doa."

Akapanda juu ya sanduku, akagusa. Kicheko kikamkatika. Alishuka akijifuta kiganja kwenye suruali, akajifuta tena, akakusanya vifaa vyake.

"Ni nini, Momanyi?"

"Ni moto," alisema kwa sauti ya chini. "Kama paji la uso la mtu mwenye homa."

Siku ya sita Nereah alikaa makusudi kumngojea mwenye doa. Kengele ya ofisi ililia saa sita, makarani wakatawanyika kwenda kula, barabara ikatulia, jua likasimama juu ya bati. Apondi, binti yao wa miezi kumi, alikuwa mkekani akitafuna mwiko wa ugali. Ndipo pazia la mlango likainuka. Halikupepea, liliinuka upande mmoja, juu kabisa, likabaki limeshikwa kwa muda, kama anavyolishika mgeni mrefu anayeinama kupita, kisha likaachiwa. Harufu ya tope ikaingia. Zikafuata hatua, chwa, chwa, za mtu mwenye miguu iliyolowa, tena pamoja nazo mkwaruzo mwembamba kwenye lipu, kiganja kikipapasa ukuta kutoka mlangoni kwenda nyuma, pole pole, bila kuruka hata jiwe moja. Zilipofika mwisho zikakoma. Akasikia pumzi, nzito na ya subira, kama ya ng'ombe aliyekuta lango la boma limefungwa. Doa likatokea ukutani mbele ya macho yake.

Nereah akageuza macho amtazame mtoto, na mtoto hakuwa amekaa tena.

Apondi, ambaye hakuwa amewahi kusimama bila kushika kitu, ambaye jana yake tu alikuwa akitambaa kwa tumbo akifukuza kuku wa jirani, alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, mkono wa kulia ameuinua juu kabisa mpaka bega limepanda sikioni, vidole vimekunjika kama vimeshikwa na kiganja kilichotoka mbali juu, naye akawa anatembea, hatua kwa hatua, bila kuyumba, kuelekea ukuta wa nyuma, na alipoufikia akaweka paji lake dogo kwenye lipu na kusimama hivyo hivyo, kimya, kama mtu aliyeambiwa angoje.

Ilichukua kama dakika mbili. Kisha mkono ulianguka, mtoto akaketi kitako, akaanza kulia kwa njaa. Ukutani, karibu na sakafu, palibaki doa la pili, dogo kama yai.

Ouko hakuamini. "Mtoto ameanza kutembea, nawe unalia?" Lakini kesho yake alikuja nyumbani saa sita kasoro dakika tano, akaketi kitandani na kofia yake magotini, akaona. Siku hiyo mtoto hakuweka paji tu. Aliligonga ukutani, mara moja, mara mbili, mara tatu, sawasawa, kama mtu anayebisha hodi. Ouko aliruka akamkumbatia, akamvuta nyuma kwa nguvu zake zote, na mtoto akaacha kupumua. Hakulia, hakupigana, alilegea tu mikononi mwa baba yake, midomo ikageuka rangi ya zambarau, na mkono wa kulia ukabaki juu hewani, umenyooka, hauteremki.

"Mwache!" Nereah alisema. "Baba Apondi, mwache, anakufa!"

Akamwachia. Mtoto akavuta pumzi, akasimama, akaenda kugonga ukuta.

Usiku ule walimpeleka Keumbu kwa dada yake Nereah, maili kadhaa kutoka mjini. Haikusaidia kitu. Kesho yake saa sita mchana Apondi alisimama katika nyumba ya watu, akainua mkono, akatembea mpaka ukuta ulioelekea mjini, na udongo wa nyumba ya dada ukamchuna ngozi ya paji. Wakarudi naye.

Aliyemwonyesha Nereah njia ni Manju, mke wa Kantilal, wa mlango wa pili. Alimkuta Nereah barazani anaosha kitambaa cha damu.

"Dada, katika lile duka la zamani tulikuwa na dirisha upande huo," Manju alisema, akitazama barabarani kwanza. "Baba mkwe alifunga kila siku saa sita. Mimi nauliza, kwa nini baba, joto hili? Yeye anasema, mtu anapita zake, wewe usimchungulie. Basi. Nenda kwa yule mama wa mandazi. Mimi sijasema kitu."

Bi Zenab aliwapokea nje ya kibanda chake kipya cha kilimani. Hakuwakaribisha ndani.

"Bwana karani," alisema. "Leo hukuja na mnyororo wako wa kupimia? Nyumba yangu uliipima mara tatu, na mdomo wangu hukuusikiliza hata mara moja."

"Nimekosa, mama," Ouko alisema.

Bi Zenab akamtazama mtoto, akaligusa paji lililovimba kwa ncha ya kidole, na ukali ukamwishia.

"Yule ni kipofu," alisema. "Jini wa mto, mzee, hata sisi tulipokuja tulimkuta. Asubuhi hupanda mlimani kwa njia nyingine, adhuhuri hurudi majini kwake kwa hii. Hana macho, anaijua njia kwa mazoea tu, kwa hiyo tulimwachia njia yake. Hakumdhuru mtu. Sasa umemjengea ukuta. Anapapasa, hapaoni pa kutokea, anarudi mlimani, ndipo ameushika mkono wa kwanza alioupata ndani umwongoze. Na huyu mdogo ataongoza wapi? Atapiga kichwa mpaka kipasuke."

"Tubomoe ukuta," Nereah alisema.

"Bomoeni. Lakini huko nyuma mmechimba mitaro, mmejenga kingo za mawe, kila kitu mmekigeuza. Hata akitoka hatafika. Lazima ashikwe mkono." Akamgeukia Ouko. "Mgeni aliyepotezwa njia husindikizwa na aliyempoteza. Mpe mkono wako, atauacha wa mtoto."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mwanangu. Hajawahi kupotezwa kabla."

Njiani Ouko alisema kwamba kubomoa ukuta wa serikali ni kufukuzwa kazi. Nereah alimgeuza tu Apondi mgongoni ili baba yake alione paji. Jumamosi asubuhi Momanyi alifika na mtaimbo.

"Huu ndio ukuta wangu mzuri kuliko yote," alinung'unika akipiga. Saa tano alikuwa ametoboa nafasi ya mlango, akatia fremu na ubao wenye komeo. Nereah akamwomba angoje. "Yaya, hapana, mama," alisema, akitikisa kichwa. "Saa sita mimi niko Birongo." Naye akaenda kweli, karibu akikimbia.

Nereah alivuka barabara na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kanga mbili. Milango yote miwili iliachwa wazi, hata akaweza kuona, kupitia chumba kizima, mwanga wa mto upande wa pili. Ouko alisimama katikati na suruali yake ya kaki ya kazini, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kama anayemsalimu mtu. Kengele ikalia. Pazia likainuka. Mgongoni, Nereah alihisi mkono wa mtoto ukichomoka kwenye kanga na kupanda, akafumba macho, akahesabu pumzi za binti yake moja moja, na alipofika ya saba mkono ule ukateremka, laini, mzito wa usingizi. Akafumbua macho. Mumewe alikuwa akitokea mlango wa nyuma, bega limepanda sikioni, mkono umevutwa juu sana hivi kwamba alitembea kwa vidole vya mguu wa kulia.

Alirudi baada ya robo saa, anatabasamu.

"Mkono wake ni baridi," alisema. "Lakini ni mpole. Nilimfikisha ukingoni, nikatia miguu kidogo tu, akaniachia."

Paji la Apondi likapona. Akarudi kutambaa kama watoto wengine. Ofisini hakuna aliyeuliza habari za mlango, na wenzake Ouko wakapata mzaha mpya: bwana karani haendi kula, anaenda kuoga. Kila saa sita aliacha penseli, akaja, akapita chumbani bila kumtazama mkewe, akatoka nyuma.

Nereah ndiye aliyefua nguo zake. Siku ya kwanza mstari wa tope kwenye suruali ulikuwa chini ya goti. Siku ya pili ulikuwa juu ya goti. Alipoipiga pasi aliweka utepe wa kupimia, akaandika ukutani kwa mkaa, maana hakutaka kujidanganya. Ulipanda inchi tatu kila siku, haukuzidi, haukupungua. Wiki ya pili ilipoanza ulifika kwenye mkanda. Ukafika kifungo cha chini cha shati. Na muda nao uliongezeka: nusu saa, saa nzima, saa mbili. Mumewe alirudi akitetemeka juani, na kucha zake zilikuwa nyeupe.

Jumatano usiku alilowesha kola ya shati ndani ya beseni na tope likatoka.

"Kesho usiende," alisema. "Nakuomba. Pale mlipochimba changarawe pana kina. Kaa ofisini, jifungie."

Ouko alikuwa amelala chali, mkono wa kulia juu ya kifua. Siku hizi ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa kushoto; Nereah hakuwa amethubutu kuupima.

"Mimi nisipokwenda," alinong'ona, "atamshika nani?"

Kati yao Apondi alikoroma.

Alhamisi Nereah alifunga komeo la mlango wa nyuma tangu asubuhi. Akapika, akafagia, akakaa juu ya sanduku na mtoto mapajani, macho kwenye lile komeo. Aliwaza kukimbilia kwa ndugu wa Ouko, aliwaza kupanda lori la Kisumu, aliwaza kuuziba ukuta tena kwa mawe. Kengele ya saa sita ikalia. Akasikia viatu vya mumewe vikija barazani, na nyuma ya viatu, chwa, chwa. Mapajani mwake mkono mdogo wa kulia ukaanza kupanda, vidole vikikunjika.

Nereah aliinuka, akavuta komeo, akaufungua mlango wa nyuma mpaka ukagonga ukuta wa nje. Kisha akaliburura sanduku kando, lisije likawakwaza.