Gari la Mwisho la Corvell

Injini ilikuwa na joto. Mulinge aliirudishia kiganja mara ya pili, akidhani ni jua, lakini jua la Voi lilikuwa bado halijaingia chini ya bati, na gari lenyewe halikuwa limewashwa tangu babu zetu wakiwa watoto. Mtu mwingine angeuliza. Mulinge alikuwa fundi, na fundi akiona ajabu husema ni waya, kisha huendelea na kazi yake.

Gari lilikuwa la Donald, tajiri mmoja wa Mbololo, aliyelikuta katika ghala la shamba la mkonge, limefunikwa na vumbi jekundu hadi madirishani. Liliundwa huko huko shambani na Mzungu aliyeitwa Corvell, aliyekuwa akitengeneza magari kwa mkono wakati wa ukoloni. Wazee walisimulia kwamba magari yake yalipanda milima ya Taita bila kuchemsha hata kidogo. Mulinge aliinyoosha bodi, akaipiga rangi, akashona viti, na kilichomkwamisha kikawa kimoja tu: tundu moja la plagi lilikuwa limezibwa kwa risasi, yale madini laini ya kwenye betri. Injini isingewaka hivyo.

"Huyu mzungu alikuwa amelewa," alisema. Akaitoboa ile risasi kwa drili, akaitupa kwenye vyuma chakavu, akafunga plagi mpya. Kwa kweli ungemwambia aliache lile tundu jinsi lilivyo, asingelala. Ndivyo mafundi walivyo, na sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya kuliwasha alihitaji mtu wa kukanyaga mafuta huku yeye akisikiliza injini kwa mbele. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya gereji, basi akamwita mkewe.

"Koki, hebu njoo unikanyagie mafuta."

"Nina unga mikononi, Baba Alice."

"Utanawa. Ni mara moja tu."

Koki akaja akicheka, akaketi kwenye kiti kipya, akakanyaga. Gari likawaka bila kusita, likanguruma kwa upole. Mulinge aliinua uso wake afurahi naye, akamwona ameshika shingo, macho yamemtoka, na moshi mwembamba ukimtoka mdomoni.

Alizima swichi. Injini haikuzimika. Alichomoa waya wa betri, akafunga mafuta, nayo ikaendelea kunguruma.

Hospitalini walimpima Koki wasione kitu, wakamrudisha nyumbani. Alilala chumbani, pumzi yake ikinuka petroli, na kule gereji injini ikipandisha mlio, kifua chake nacho kilipanda, ikishuka, kilishuka. Mulinge hakuthubutu kumweleza mtu. Alice, binti yao, alikaa kitandani akimpangusa mama yake jasho jeusi.

Aliyeingia bila kuitwa ni Tryphena, mama mmoja wa kijiji cha Wusi anayeuza ndizi barabarani. Aliusikia ule mlio, akatua kapu lake langoni.

"Risasi iko wapi?" aliuliza, sauti ikiwa chini.

"Risasi gani, mama?"

"Usinichezee. Ile ya tunduni. Ni babu yangu aliyeimwaga."

Babu yake alikuwa mfua chuma wa Corvell. Tryphena akamweleza Mulinge pale pale, akiangalia boneti ya gari asiipe mgongo. Corvell alileta jini kutoka pwani limfanyie kazi, nalo likampa magari yasiyochoka, na kwa kila gari lililowaka likamla mtu mmoja wa nyumbani kwake. Lilianza na mkewe. Watoto wakafuata.

"Na yeye?"

"Fundi halimgusi. Likimla fundi, nani atalihudumia? Linakula watu wa fundi."

Corvell alipobaki peke yake, Tryphena alisema, aliunda injini moja ya mwisho, si ya kuendesha bali ya kulifungia jini humo, na tundu likazibwa ili isiwake kamwe. "Mkeo bado anapumua. Yeyusha risasi, uzibe tena. Na lolote utakalosikia, usiipasue hiyo injini. Chuma hicho ndicho jela yake."

Mulinge alivunja betri kuukuu, akaweka risasi kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Alasiri ilikuwa nyeupe kwa joto. Risasi ilianza kulegea, ikang'aa, na ndipo sauti ya Koki ikatoka chumbani, nyembamba, ikimsihi.

"Baba Alice, inanichoma. Ukimwaga hiyo nitakufa. Chukua nyundo."

"Umesikia?" Mulinge alimwuliza Tryphena.

"Mimi sisikii mtu, mwanangu. Mwaga."

"Anakudanganya nini huyo mama?" sauti ikalia. "Yeye ndiye aliyekuzalia? Nakufa, Mulinge, nakufa nawe umesimama na sufuria."

Alimpenda mkewe, hilo ndilo lililommaliza, kwa maana mtu asiyependa angemwaga ile risasi na kwenda zake. Lakini yeye alimsukuma Tryphena akaanguka juu ya matairi, sufuria ikamwagika mchangani, akaishika nyundo kubwa kwa mikono miwili akaiteremsha juu ya injini, na akapiga tena, na tena, huku sauti ikimwambia hapo hapo, mume wangu, hapo hapo, hadi chuma kikapasuka na upepo wa moto ukampita usoni ukatoka mlangoni.

Kukawa kimya. Mulinge alitupa nyundo akakimbilia chumbani.

Koki alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Alice alikuwa bado na kitambaa mkononi.

"Mama amesema nini?" Mulinge aliuliza. "Ameacha kuumwa?"

"Hajasema kitu, Baba. Alikuwa amelala vizuri tu, tena jasho lilianza kukauka." Mtoto alimtazama baba yake. "Ulipopiga chuma ndipo akaacha kupumua."

Mulinge alipiga magoti. Huko nje Tryphena alianza kuomba kwa Kidawida, lugha ya Wataita, harakaharaka, na juu ya maombi yake sauti ya Koki ikaita kutoka uani, tamu, safi, na safari hii wote waliisikia.

"Alice. Njoo, mwanangu."

Uso wa mtoto ukachangamka. Aliweka kitambaa chini, akashuka kitandani.

"Mama amepona," alisema.